Namba Sitini na Tatu

Kilishuka na treni ya Jumatano, kimefungwa shuka la hospitali,
kisanduku cheusi, bapa, skrubu nne usoni
na herufi nyekundu zinazokodoa kama macho ya komba.
Lugendo alikinunua Dar, kwa mjane asiyejua kazi yake.
Nikakifunga kwenye raki niliyoipigilia kwa mbao za mninga,
na tangu siku hiyo bendi yetu ya Isevya
ina mwanachama wa sita asiyedai nauli.

Kapela wa solo alikipenda kabla hakijapata joto.
"Sikiliza, noti moja tu." Akaipiga.
Ikatoka dirishani, ikavuka reli,
ikarudi imechoka, imevaa vizuri.
"Umeona? Kidole changu kina wajukuu."

Mihayo wa rithim hakusogea kitini.
"Huo si mwangwi, huo ni umbea.
Nikisema neno sitaki ukuta unirudishie
limetiwa chumvi.
Gitaa, waya, amplifaya. Basi.
Asali haiungwi sukari."

Shija wa besi ana lalamiko moja: kinang'ung'una.
Nimemweleza, ukumbi hauna waya wa ardhini;
anasema hapana, kinamsema yeye.
Masele wa dramu anakishukuru:
tangu kije, hakuna anayebishana tena kuhusu mwendo wake.

Mimi sipigi chombo. Mimi ni fundi mitambo:
nabeba, nafunga, nafungua, nalaumiwa.
Ila wakishaondoka nazungusha kitasa polepole,
nasoma majina aliyoyaandika mwenyewe wa kwanza:
UKUMBI 1. UKUMBI 2. NDOA. BATI.
Na namba sitini na tatu: BARUA KW.
Kioo kina nafasi ya herufi nane.
Barua kwa nani, hapakutosha.

Machi kikaanza kuandika neno jingine kila kikiwashwa:
BETRI.
Betri ya kumbukumbu, ndogo kama kitufe cha shati,
imechomelewa kwenye ubao wake wa kijani.
Ukiitoa, kinasahau kila kitu.
Usipoitoa, kitasahau tu, siku kitakayochagua chenyewe.

Nikawaambia. Kapela akavua kofia.
Mihayo akasema, "Kisahau. Ndiyo heri yake."
Kisha, akikaza uzi ambao haukuwa umelegea:
"Hiyo ya sitini na tatu, inasikikaje?"

Nikachomeka gitaa lake.
Akapiga mara moja, akazifunika nyuzi kwa kiganja,
na sauti ikaendelea bila yeye, chini chini,
kama mtu anayejisomea chumba cha pili
akidhani wenzake wamelala.

Hakusema kitu.
Akavuta daftari la mahudhurio, akanoa penseli kwa wembe.
"Nisomee namba."

Muda wa mwangwi: mia tatu themanini.
Marudio: ishirini na saba.
Vingine hatukuvijua jina, tukachora alama zilivyo.
Kila taa ilipofifia tulitazamana:
ikizima sasa, nani atakumbuka?
Mihayo ana mwandiko wa shule ya misheni,
namba zake zilisimama wima kama wanafunzi paredi.

Saa nane usiku nikashika chuma cha moto.
Kioo kikabaki kitupu.
Nikapachika betri mpya, nikarudisha namba moja moja,
na mwisho jina: B, A, R, U, A,
nafasi,
K, W.
Mshale ulisimama pale, hauna pa kwenda.

Kesho yake Kapela akaijaribu. "Yenyewe."
"Siyo," akasema Mihayo. "Ile ilikuwa na mtu."
Shija akasema bado kinang'ung'una.

Wanabishana mpaka leo.
Lakini Jumamosi, harusini Kiloleni,
wimbo wa mwisho, viti vinakusanywa,
Mihayo ananitafuta kwa macho nyuma ya spika,
ananyoosha vidole sita,
halafu vitatu.